Siku nane nikimfuata bagshi

Babu mzaa mama alikuwa mpiga nanga. Kwa asiyeijua nanga yetu ya Kagera, ni mti uliochongwa ukawa kama kihori kidogo, kisha uzi mmoja ukapitishwa huku na huku mpaka zikapatikana nyuzi saba au nane. Babu aliiweka mapajani, akaimba habari za mashujaa na za abakama, wafalme wetu wa zamani, na wazee walimsikiliza huku wakitafuna buni za kahawa ili usingizi usiwachukue. Nilikuwa na miaka saba alipofariki. Nakumbuka sauti yake ikishuka chini kabisa pale shujaa anaposalitiwa, nakumbuka harufu ya rubisi, lakini hadithi yenyewe siikumbuki hata moja nzima. Hakuna aliyeirekodi.

Niliposoma kwamba Waturkmeni bado wanao watu wanaoitwa bagshi, wanaokaa chini na chombo cha nyuzi mbili na kusimulia utenzi kwa kichwa, usiku baada ya usiku, nilianza kuweka akiba. Ilinichukua miaka mitatu.

Siku ya 1

Dar es Salaam, Istanbul, Ashgabat. Nilipokwenda, mgeni hakuingia Turkmenistan hivi hivi tu. Ilibidi uwe na barua ya mwaliko, na mtalii alitembea na mwongozaji. Wangu alikuwa dada wa makamo, mchangamfu, ambaye mjomba wake hupiga gijaki, zeze lao la upinde linalosimamishwa gotini. Sikumwomba anionyeshe majengo. Nilimwambia nataka kumsikia bagshi, na akanitazama mara mbili kabla ya kuwasha gari.

Njiani alinifundisha maneno machache. *Habar*. *Dünýä*. *Wagt*. Aliposema *sapar* nikacheka kwa furaha, maana nilimwelewa kabla hajafasiri: habari, dunia, wakati, safari. Kwao Kiarabu kilipita nchi kavu, kupitia kwa Waajemi, na kwetu kilikuja na majahazi. Maneno yaleyale yamefika pande mbili za dunia na yote yanatumika kila siku.

Siku ya 2

Ashgabat ni mji wa marumaru nyeupe, barabara pana na milima ya Köpetdag nyuma yake. Tuliupita tu. Tulikuwa tunakwenda kijijini kwa fundi wa dutari.

Dutari maana yake ni nyuzi mbili, na hizo mbili ndizo zote. Fundi alitukaribisha uani, akatuketisha juu ya zulia, chai ya kijani ikaletwa. Kila aliyeingia alipewa birika lake mwenyewe. Baada ya chai ndipo akatuonyesha magogo ya mforosadi yaliyopangwa kivulini yakauke taratibu. Tumbo la dutari huchongwa kutoka kipande kimoja cha mforosadi, likachimbwa ndani mpaka libaki ganda, na kifuniko cha mbele ni ubao mwembamba wa mti uleule. Shingo ni mti wa aprikoti, kwa sababu ni mgumu na haupindi kwa urahisi. Shingoni kuna vipande vya chuma kumi na vitatu vya kugawa sauti.

Nyuzi za leo ni za chuma. Zamani zilikuwa za hariri iliyosokotwa, na hapo nikamwomba arudie ili nisikosee. Majani ya mforosadi ndiyo chakula cha viwavi wa hariri. Kwa hiyo mti mmoja ulitoa mwili wa chombo na ukawalisha wadudu waliotoa nyuzi zake. Fundi aliona nimenyamaza akadhani nimechoka, akaniongezea chai.

Aligonga kifuniko kwa kidole, akasogeza sikio, akakwangua kidogo, akagonga tena. Hakuwa na kipimo kingine. Nilikaa nikimwangalia zaidi ya saa moja. Kisha akauliza kupitia kwa mwongozaji: na huko kwenu mna chombo gani? Nikamchorea nanga kwenye daftari. Akaipenda, akataka kujua ni mti gani, uzi umefungwaje, nani huifanya. Halafu akauliza la mwisho: ya babu yako iko wapi sasa?

Sikuwa na jibu. Nilisema sijui, na mwongozaji hakuhitaji kufasiri.

Siku ya 3

Kwenda Mary, kama kilomita 350 kuelekea mashariki. Pamba ilikuwa inavunwa, na mashambani watu walikuwa wameinama kila upande. Mwongozaji alitumia safari yote kunipanga kichwa.

Bagshi si aina moja. Kuna *termechi*, anayeimba nyimbo, mara nyingi mashairi ya watunzi wakubwa, na kati yao hakuna anayeimbwa kama Magtymguly, mshairi wa karne ya 18. Kisha kuna *dessanchi*, anayebeba *dessan*, hadithi ndefu ambayo ndani yake maneno ya kawaida na nyimbo hupokezana. Dessanchi husema, hupiga, huimba, husema tena. Wa aina hii ni wachache zaidi, na wengi wametoka kaskazini, Daşoguz.

Tena kuna *ýol*. Neno hili ni njia, barabara kama hii tuliyokuwa juu yake, na ndilo hilo hilo wanalolitumia kwa mtindo wa kupiga na kuimba wa sehemu fulani. Njia hizo huitwa kwa majina ya sehemu na makabila: wana njia ya Ahal, ya Damana, ya Wasalyr na Wasaryk, ya Wayomut na Wagokleng, ya Wachowdur. Msikilizaji mzoefu akisikia sauti dakika mbili anakuambia mwimbaji ametoka njia ipi, na kwa kawaida anaweza kukuambia pia mwalimu wake ni nani. Mwanafunzi haanzi kuimba mbele ya watu kwa kujiamulia. Anakaa na mwalimu miaka, anabeba dutari, anamimina chai, anasikiliza, mpaka siku mwalimu anapoinua mikono na kumpa *pata*, yaani dua ya kumruhusu.

Siku ya 4

Asubuhi tulizunguka magofu ya Merv na kaburi la Sultan Sanjar la karne ya 12. Ni jengo zito na zuri mno, lakini moyo wangu ulikuwa umetangulia Ýolöten, kwenye ziara, yaani mahali patakatifu pa kuombea dua, ya Baba Gambar.

Wapiga dutari wanamhesabu Baba Gambar kuwa baba wa kazi yao. Wanasimulia kwamba alikuwa mtunza wanyama wa Ali, na mnyama aliyekuwa mikononi mwake ni Duldul. Ilifika wakati Duldul akaanza kukonda ingawa chakula kilikuwepo. Ali akajificha aone kuna nini. Kumbe Gambar alikuwa ametengeneza dutari, na kila alipoipiga mnyama aliacha kula, akainua kichwa na kusikiliza. Gambar alipojua ameonekana aliona haya, akaomba ardhi impokee, ikampokea pamoja na dutari yake.

Sisi tuliolelewa na tenzi za Waswahili tunamjua Ali wa vitani, anayekata kwa upanga akiwa juu ya Duldul. Kumkuta Duldul hapa amekonda kwa sababu ya muziki kulinigusa kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja alikuwa amekuja na dutari mpya iliyofungwa kitambaani. Aliiweka chini, akasoma dua, akaichukua, akaenda zake bila kuipiga.

Jioni hiyo tulilala kwa jamaa za mwongozaji, na kwa kuwa mimi ni mwanamke nikaingizwa chumba cha wanawake. Hilo nalihesabu bahati. Vitabu na picha za safari hujaa wanaume wenye kofia kubwa za manyoya ya kondoo, lakini sauti ya kwanza anayoisikia kila bagshi ni ya mama yake. Bibi wa nyumba aliimba *hüwdi*, wimbo wa kubembeleza mtoto, huku mjukuu akiwa macho kabisa na kutuangalia. Kisha wakamtania mmoja wao, aliyekuwa anaona haya, mpaka akaimba *läle*, nyimbo za wasichana, akigonga koo lake kwa ncha za vidole ili sauti itetemeke na kukatika kama maji yanayoruka juu ya mawe. Mwingine akatoa *gopuz*, chuma kidogo kinachoshikwa kwa meno na kudundwa kwa kidole, mdomo wenyewe ukiwa ndio chumba cha sauti. Alikuwa anapiga wimbo palepale alipokuwa amekaa, mkono mwingine bado una unga.

Waliniomba na mimi. Niliwaimbia wimbo wa kubembeleza mtoto alioniimbia mama. Yule mjukuu akalala, wakasema Kihaya kina nguvu kuliko Kiturkmeni.

Siku ya 5

Tumerudi Ashgabat. Siku ya barabarani, vumbi, tikiti maji kando ya njia. Kitu kimoja tu cha kuandika: hadithi ya Şükür bagshi, aliyonisimulia dereva, mtu ambaye kwa siku tatu alikuwa hajasema zaidi ya salamu.

Kaka yake Şükür alichukuliwa mateka na khani, mtawala wa upande wa Uajemi. Wanaume wa kijiji wakatandika farasi na kunoa panga. Şükür akawakataza, akaenda peke yake na dutari. Khani akamwambia ashindane na mwanamuziki wake wa ikulu, na akishinda atapewa kaka yake. Wakapiga zamu kwa zamu, kila mmoja akimfuata mwenzake na kumpita. Şükür akashinda, wakarudi nyumbani wawili. Hadithi hii iliandikwa na mwandishi Nurmyrat Saryhanov, na mwaka 1963 ikafanywa filamu, lakini dereva aliisimulia kama jambo la ukoo wake. Alipofika kwenye kushindana aliachia usukani mkono mmoja na vidole vikaanza kupiga hewani.

Siku ya 6

Garagum. Maana yake mchanga mweusi, ingawa mchanga wenyewe ni wa rangi ya ngozi ya simba. Jangwa hili limechukua sehemu kubwa ya nchi. Tulitoka alfajiri na kutwa nzima tulikuwa ndani yake, barabara mbovu, vichaka vya sazak, ngamia wanaokatiza bila haraka.

Niliuliza kwa nini watu walioishi hivi, kwa kuhamahama, walichagua chombo chepesi chenye nyuzi mbili tu. Mwongozaji akajibu kwa swali: ungebeba nini kingine juu ya ngamia? Nadhani hilo ndilo jibu la utenzi pia. Kisichoandikwa hakina uzito. Mtu alihama na hema, na mazulia, na watoto, na ndani ya kichwa cha mtu mmoja alihama Görogly, shujaa wa utenzi wao mkubwa, na farasi wake na vijana wake arobaini.

Daşoguz tumefika usiku, mgongo ukiuma.

Siku ya 7

Köneürgenç asubuhi, mnara wake mrefu na makaburi ya wafalme wa Khorezm. Mchana ziara ya Aşyk Aýdyň, mlezi wa waimbaji. Watu wa hapa wanasema anayetamani kuwa bagshi huja kulala hapa, na akijaliwa atatokewa ndotoni na kupewa sauti. Nilimwona mwanamke na mwanawe wa miaka kama kumi. Mtoto alikuwa ameshika dutari fupi. Mama ndiye aliyekuwa akiomba.

Magharibi ilipoingia tulikuwa nyumbani kwa bagshi mwenyewe.

Mzee alikuwa na miaka sabini na kitu, kanzu ya mistari, kofia ya manyoya, magoti yaliyokunjwa kama ya kijana. Alitupokea kwa mikono miwili. Pembeni yake mwenye gijaki, nyuma yake mjukuu aliyekuwa anajifunza, ambaye kazi yake usiku huo ilikuwa kuangalia tu. Majirani waliingia mmoja mmoja mpaka chumba kikajaa. Chai haikukatika. Nilifungua kifuko nikatoa buni za kahawa za nyumbani zilizochemshwa na kukaushwa, nikaeleza zinavyotafunwa na kwa nini. Mzee akatia moja mdomoni, akakunja uso, akatia ya pili.

Hakuanza na Görogly. Alipiga kwanza bila kuimba, muda mrefu, mkono wa kulia ukifagia nyuzi kwa vidole vyote, kana kwamba anasafisha chumba. Kisha wimbo mfupi wa Magtymguly. Kisha mwingine. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba sauti yenyewe ilikuwa inapanda ngazi: alianza chini, na kila baada ya muda akakaza nyuzi kidogo, na koo likazifuata. Mwishoni mwa baadhi ya mistari aliikatakata sauti kooni, *juk-juk-juk*, na kila alipofanya hivyo mtu mmoja au wawili walipaza sauti: *Berekella!* Hilo nalo sikuhitaji kufasiriwa. Baraka imo ndani yake.

Ndipo akaweka dutari mapajani na kusema kwa maneno ya kawaida. Mama alikufa akiwa mjamzito, akazikwa, na mtoto akazaliwa kaburini. *Gör* ni kaburi, *ogly* ni mwana wake. Mbuzi jike alikuwa akiliacha kundi na kwenda kumnyonyesha, mpaka mchungaji akamfuata akagundua. Babu yake Görogly, Jygalybeg, alikuwa bingwa wa kuchagua farasi, na mtawala aliyechukizwa na chaguo lake alimpofusha macho. Kipofu huyo na yatima huyo ndio waliomlea Gyrat, farasi ambaye bila yeye hakuna Görogly. Maneno yalikimbia, mzee akaegemea mbele, mkono ukakata hewa, kisha ghafla akashika dutari na shujaa mwenyewe akaanza kuimba kwa sauti yake.

Sehemu za utenzi huu wanaziita *şaha*, matawi. Ni mti wenye matawi mengi na hakuna anayeyasimulia yote usiku mmoja. Miaka ya 1930, bagshi wa Daşoguz hii hii aliyeitwa Pelwan aliandikiwa matawi aliyoyajua, na kwa sababu hiyo kuna kitabu. Mwaka 2015 UNESCO iliuweka usimulizi wa Görogly kwenye orodha yake ya urithi wa wanadamu, na mwaka 2021 ikafuata sanaa ya kutengeneza na kupiga dutari. Ninafurahi sana kwamba orodha hizo zipo. Lakini mzee huyu hakuwa akisoma kitabuni. Nilimwona akichagua tawi kwa kuwaangalia watu waliokuwa wamekaa mbele yake. Aliwaangalia kina mama waliokuwa mlangoni, akatabasamu, akachagua tawi la bikizee.

Adui ameshindwa kwa upanga, sasa anatumia hila. Anamtuma bikizee kwenda Çandybil, ngome ya Görogly, amwibe Gyrat. Bikizee anajifanya maskini asiye na mtu. Görogly anamhurumia, anamwingiza nyumbani, anampa mahali pa kulala. Hapo sauti ya mzee ilishuka. Ilishuka kabisa, akawa karibu ananong'ona na nyuzi, na mwili wangu ukaijua kabla akili haijaijua: hivi ndivyo babu alivyokuwa akishuka. Kwenye usaliti. Bara jingine, lugha nyingine, na koo la mzee linafanya jambo lilelile. Nililia bila kujificha. Hakuna aliyeshangaa. Mzee mmoja jirani alinisogezea birika.

Mwongozaji alikuwa akininong'oneza tafsiri tangu mwanzo. Karibu na saa sita nilimgeukia kwa sababu alikuwa amenyamaza. Alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, amesahau kabisa kwamba niko.

Bikizee akapanda Gyrat, akatoweka. Görogly akaamka, akaenda zizini, akakuta kamba. Mzee akapiga pigo moja la dutari, akafunika nyuzi kwa kiganja, akasema neno, watu wote wakaguna na kuanza kusimama.

"Anasema nini?"

"Kesho," mwongozaji alijibu. "Anasema yaliyobaki ni kesho."

Ndege yangu ilikuwa saa nne asubuhi.

Siku ya 8

Mzee alikuja mlangoni kutuaga kabla ya jua kutoka. Aliinua viganja akanisomea dua, na akaniomba buni zilizobaki.

Daşoguz hadi Ashgabat kwa ndege, kisha Istanbul. Uwanjani Istanbul nilikuwa na saa sita za kusubiri, nikampigia mama. Alitaka kujua nimekula nini na kama kuna baridi. Nikamwambia nimekula, halafu nikaanza kumsimulia kwa Kihaya, tangu kaburini. Mbuzi. Babu kipofu. Farasi. Mama ambaye kwa kawaida hukatiza simu kwa sababu ya gharama hakukatiza. Nilipofika kwa bikizee alisema "Ee!" kwa hasira, kama anayemfahamu mtu huyo.

Nilisimama hapo kidogo. Nikamuuliza kuhusu nanga ya babu.

"Iko kwa mjomba wako, Kamachumu," alisema. "Ipo darini. Nyuzi zilikatika zamani. Kwani umeikumbuka leo?" Hakungoja jibu. "Haya, ameenda zizini amekuta kamba. Halafu?"